Kipande cha Katoni cha Kyule

Fundi huyu wa Kitengela hurusha kila kitu kibovu nyuma ya bega, ndani ya pipa, bila kutazama. Oili ya breki ilikuwa sawa, pedi pia, lakini taa nyekundu ya handibreki kwenye gari kuukuu la Nzilani ilikataa kuzima. Akafungua chini ya handibreki, akatoa kipande cha katoni kilichokunjwa. Mkono ukainuka.

"Wacha!" Nzilani akamzuia. "Kyule ndiye aliweka hiyo."

Kyule, mumewe, alizikwa mwaka juzi. Mkono ukashuka. Fundi akakipangusa kwa shati lake, akakikunja kwa mikunjo ileile, akakirudisha kubana swichi ya taa ile.

"Kilikuwa kimeteleza tu, mama. Mzee alijua kazi."

Nzilani akaivuta handibreki, taa ikawaka, akaishusha, ikazima. Akarudia, akarudia tena. Fundi hakumharakisha.