Bi Masouda Akataa Makuti

Bi Masouda binti Sleyum aliteremka Matrah, Oman, mwaka wa sitini na nne na furushi la nguo, binti mmoja, na dharau ya kutosha mji mzima. Furushi lilichakaa, binti akakua. Dharau ndiyo haikupungua hata chembe, na kwa miaka miwili watu wa nyumba aliyofikia walilishwa hiyo asubuhi, mchana na jioni.

Nyumba ilikuwa ya Thabit, binamu wa marehemu mumewe, muuza ndimu kavu sokoni. Alimpa chumba cha juu kinachotazama bahari, akamwita shemeji, na hakumuuliza atakaa mpaka lini. Masouda aliulipa wema huo kwa kukosoa. Kahawa yao chungu. Wali wao hauijui nazi. Milima yao imeungua, na Mungu mwenyewe ameitupa. Shaikha, mkewe Thabit, alikuwa na Kiswahili kidogo alichofunzwa na baba yake aliyewahi kukaa Unguja. Masouda alikiita Kiswahili cha kuitia kuku. Na kila alipokosoa aliishia pale pale, kwenye nyumba yake ya mawe ya Malindi, mjini Unguja. Nyumba hiyo, tuseme kweli, ilikuwa ya Muhindi mmoja muuza vitambaa, na Masouda na mumewe walipanga vyumba viwili juu ya duka. Lakini nani angekwenda kuuliza? Basi nyumba ikawa inakua. Mwaka wa kwanza ilikuwa na ghorofa mbili. Wa pili ikaota ya tatu, na roshani juu yake.

Pamoja na dharau yote hiyo, lilikuwepo jambo moja la nchi ile alilolitaka mpaka likamkosesha usingizi. Majid, mpwa wake Shaikha, kijana wa adabu mwenye kazi forodhani, alikuwa amemwona Rahila, binti yake Masouda, akianua nguo darini. Rahila naye alikuwa amemwona, na tangu siku hiyo nguo za nyumba ile zilichukua muda mrefu sana kuanuliwa. Rahila alimtaka. Mama yake alimtaka zaidi, kwa kuwa chumba cha kupewa kina mwisho wake, na mjane asiye na mtoto wa kiume analijua hilo hata kama halisemi. Ila alikuwa radhi kufa kuliko kuonekana anataka.

Ikaja ile wiki ya joto, mwaka wa sitini na sita, mwishoni mwa mwezi wa sita. Upepo wa gharbi ulivuma kutoka jangwani, mkavu na moto, ukajaa ndani ya Matrah na usipate pa kutokea, maana milima imeuzunguka mji pande zote. Kuta zilichoma mkono. Mwenye uwezo na asiye na uwezo wote walifunga vyombo vyao kwenda mashambani, Baushar, kwenye mitende na maji, kama walivyofanya kila mwaka.

Kabla ya kuondoka, Mahbuba, mama yake Majid na wifi yake Shaikha, alikuja kwa Thabit kumwona Masouda. Alikuwa mwanamke mpole, mnene kidogo, aliyezaliwa Wete akarudishwa Oman angali msichana, na Kiswahili chake kilikuwa cha Pemba ya zamani. Hilo lilimtosha Masouda kumpima na kumweka chini. Mtu wa Pemba, na tena wa shamba.

"Bi Masouda, tumekuja kukuchukueni," Mahbuba alisema. "Tuna arishi pana Baushar. Rahila atakaa na wanangu wa kike, na sisi wazee tutazoeana mpaka joto litulie."

Masouda aliuliza arishi ni nini. Shaikha akamweleza kwamba ni nyumba ya makuti ya mtende, humwagiwa maji kutani upepo ukapita baridi, na kwamba msimu ule kadhi na tajiri na mchukuzi wote hulala humo. Masouda hakusikia kadhi wala tajiri. Alisikia makuti. Kwao Unguja waliokaa nyumba za makuti walikuwa watu wa mtaa wa Ng'ambo na wa mashamba, watu aliowajua kwa kuwatuma tu. Yaliyotokea Unguja yangeweza kumfunza mtu mwingine jambo juu ya watu hao. Yeye hayakumfunza kitu. Aliona wazi kwamba mwanamke huyu amekuja kumtia adabu, kumwonyesha kuwa mkimbizi mahali pake ni kwenye kibanda.

"Ahsante, Bi Mahbuba," alisema, na tabasamu la mjini. "Lakini sisi makuti tunayajua. Kwetu tulikuwa tukiwajengea mbuzi."

Shaikha alijifanya hakuelewa. Mahbuba alikitikisa kijikombe chake cha kahawa, kama wafanyavyo watu wa huko mtu akishatosheka, akakirudisha kwenye sinia, akaaga kwa heshima zote. Masouda alifurahi mno. Alimwambia bintiye kwamba sasa wamejua ni watu gani wanaozungumza nao, na kwamba yule mama atarudi na nyumba ya mawe mkononi. Rahila aliingia ndani akalia. Mama yake akafikiri ni joto.

Thabit na mkewe wakaondoka kwenda Baushar. Shaikha aliwasihi wafuatane, na alipoona haifai kitu akawaachia mawaidha: mchana fungeni madirisha, mfungue jua likizama. Masouda alicheka. Tangu lini nyumba ikafungwa madirisha wakati wa joto? Malindi walikuwa wakifungua yote, upepo wa bahari ukaingia mpaka jikoni. Basi akafungua yote. Gharbi ikaingia mpaka jikoni, na ndani ya chumba, na ndani ya godoro. Siagi ikawa maji. Maji ya mtungi yakawa ya kuoshea maiti. Rahila alitoka vipele shingoni na mikononi, akazimia ngazini akiwa na ndoo, na mama yake, akimpepea, alisema kwamba nchi hii haina hata hewa ya kuvuta.

"Hewa ipo, mama," Rahila alisema akiwa amelala chali sakafuni. "Iko Baushar."

Masouda alivumilia siku chache, miguu imemvimba, kanga imemganda mwilini. Wala si joto lililomshinda mwishowe, ingawa mwenyewe angeapa ni joto, na kwamba alikwenda kwa ajili ya afya ya mtoto. Kilichomshinda ni ukimya. Mtaa mzima ulikuwa mtupu. Alikaa dirishani toka asubuhi na hakupita mtu wa kumteta, hakuna mpishi wa kumkosoa, hakuna wa kuhadithiwa ghorofa ya tatu. Alibaki paka mmoja, naye akahama. Dharau inataka watu, na Masouda bila watu alikuwa mwanamke mpweke katika chumba cha kuazima, na kwa siku hizo chache alilijua hilo, na likamtisha.

Akatafuta mwenye punda. Waliondoka alfajiri, na njia nzima, juu ya punda, Masouda alipanga masharti. Kwenda kwake kutakuwa ndiyo jibu, na Mahbuba atafurahi mpaka ashindwe kusema. Basi posa ya Majid ataikubali, lakini si upesi. Rahila hatalala kwenye makuti ila msimu wa joto. Na mama wa bibi harusi atakuwa na chumba chake, cha mawe. Rahila, nyuma yake, alikuwa amejipaka wanja.

Walifika jua limepanda. Arishi ilikuwa imejaa wanawake, na kuta zake zilikuwa bado zinachuruzika maji. Walimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Mahbuba mwenyewe alimshika mkono akamkalisha mahali pazuri kuliko pote, upepo unapoingilia, na wasichana wakamchukua Rahila kwenda kunawa kwenye mfereji. Masouda alikaa. Upepo ulipita kwenye makuti, ukampiga shingoni, baridi kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze alivuta pumzi mpaka mwisho wake. Karibu alie. Wakamletea tende mbichi, kahawa, na sinia la halua iliyojaa zafarani na lozi. Akala. Alikuwa na njaa, naye alikuwa na raha, na raha ikamsahaulisha nafsi yake.

"Halua hii nzuri," alisema.

Shaikha aligeuka kumtazama, maana hakuwahi kumsikia akisifu kitu chochote cha nchi ile.

"Nzuri sana," Masouda aliendelea, akichota tena. "Mna furaha gani?"

Wanawake wakatazamana. Mahbuba akamjibu bila hasira yoyote.

"Tulikwita uje uone tunavyokaa, Bi Masouda, kabla hatujaleta posa. Ukasema unayajua makuti. Tukaona hukututaka, na hatukutaka kukusumbua."

Masouda hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alitia tonge la halua mdomoni na kusubiri waendelee. Hapo Rahila aliingia kutoka mferejini. Alikuwa amenawa uso, na wanja wote umeondoka, na wale wasichana waliofuatana naye walibaki mlangoni, hakuna aliyetaka kuingia.

"Halua hiyo ni ya posa ya Majid, mama," alisema. "Amemposa Mahfoudha, wa shamba la jirani. Juzi."

Halua ilikuwa bado mdomoni. Wote walikuwa wakimtazama, na haikuwezekana kuitema. Akaimeza.