Nilisikia Wakiniita Milimani Kolo, Nikanyamaza

Nimekosa, na kosa langu si kupotea. Kupotea kunaweza kumpata yeyote. Kosa langu ni kwamba nilitafutwa, nikawasikia wanaonitafuta, nikanyamaza.

Nina miaka hamsini na mbili, naishi Makole. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kusoma ramani pia. Kiangazi kilichopita nilikwenda Kolo kwa kaka wa mke wangu, ambaye ni mkulima. Nilitaka kupanda hadi kwenye miamba yenye michoro ya watu wa kale. Alitaka kunisindikiza, nikakataa, nikamwonyesha ramani niliyoichora kwa mkono.

"Shemeji, hiyo karatasi yako inajua nyuki wanakaa wapi?"

Nyumba nzima ikacheka. Niliondoka asubuhi nimeudhika, nikiwaambia nitarudi kabla ya saa nane.

Kufikia saa saba mchana sikujua nilipo. Njia niliyoifuata, kumbe ilikuwa ya ng'ombe tu, ilifika kichakani ikagawanyika mara tatu. Simu haikuwa na mtandao. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika: ukipotea simama, kaa mahali pa wazi, piga kelele, usihame. Nikayasoma maneno hayo mara mbili tatu, kisha nikaendelea kutembea. Niliona aibu kukaa juu ya jiwe nikisubiri kuokotwa, mtu mzima mimi!

Saa kumi nikasikia yowe. Kule yowe likipigwa watu huacha majembe wakatoka, na hawarudi mpaka aliyepotea aitikie. Nalijua hilo. Lilitoka kilima kimoja, likapokewa kingine, kisha nikaitambua sauti ya shemeji.

"Shemeji ee! Itika tu, tutakufuata!"

Kati yetu palikuwa na korongo moja. Nilifungua mdomo. Nikawaza vicheko vitakavyonipokea jioni, nikaufunga. Nikajiambia nitatokea barabarani mwenyewe, niseme nilichelewa kwenye michoro. Nikachutama nyuma ya jiwe mpaka sauti zikapita, zikafifia, zikaisha. Sijawahi kuwa mpweke kama dakika zile.

Barabara niliipata kabla jua halijazama. Shemeji hakujua. Aliendelea kunitafuta, akateleza mwambani, akavunjika nyonga. Nilipofika kwake nilikuta watu wanamwingiza ndani, wamembeba juu ya kitanda cha kamba.

Kabla ya kulalamikia maumivu aliniuliza, "Hukunisikia?"

Nikasema sikusikia.

Sasa anatembea kwa mkongojo na jembe hawezi kulishika. Kila akinipigia simu ananiomba radhi. Anasema sauti yake imezeeka, kwamba zamani ingenifikia. Ananiomba radhi mimi! Nami namjibu pole, shemeji, nasingizia kazi, nakata simu. Mke wangu ameacha kuniuliza kwa nini siendi tena Kolo. Jioni nakaa na vitabu vyangu, sisomi. Nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia haya, ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua.

Ndugu yangu, ukipotea porini, simama. Kaa palipo wazi, usifuate njia ya ng'ombe. Na ukisikia unaitwa, itika hapo hapo, hata kama utachekwa mwaka mzima. Usidhani utapata nafasi nyingine iliyo rahisi zaidi. Mimi naitafuta tangu kiangazi kile, na kila siku inayopita inazidi kuwa ngumu.