Tairi ya Tatu na Nane

Makosa ni yangu. Naandika hivyo mwanzo kabisa kabla sijabadilisha nia, kwa maana ninao watu wengi wa kulaumu, na nikianza na hao sitafika kwangu. Jina langu mhariri asilitie. Ruiru ni ndogo, na pengo la meno yangu linajulikana.

Wa kwanza kulaumiwa ni Mwalimu Elija wa misheni. Miaka miwili alinifundisha kuhesabu kwa kiboko mpaka mia, kisha akahamishwa kabla hatujafika kwenye vile vinamba vidogo vinavyokaa kimoja juu ya kingine. Lakini mia ilitosha! Kwenye kambi yetu ya shamba la kahawa niliwasomea watu barua, nikasoma mizani, wakaanza kuniita Karani. Nami nikaitika.

Basi mlamu wangu Gitau, mume wa dada yangu, akapata bahati. Meneja alitaka mtu wa kupeleka barua na vifurushi Thika kila siku kwa baiskeli. Kuacha jembe, kuvaa viatu! Akamwambia Gitau aje na baiskeli yake Jumatatu, ajaribiwe na mzigo. Gitau alikuwa nayo, nyepesi, ya mbio, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Shida ni tairi. Zilikuwa zimelika mpaka nyuzi zinachungulia.

"Karani," akaniambia, "mimi namba sizijui. Twende Thika unichagulie."

Ningesema hata mimi sizijui zote. Maneno machache tu! Badala yake nikasema, "Twende."

Jumamosi tukaingia duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake. Akaitazama baiskeli mara moja, akatupa tairi mbili mezani.

"Ishirini na sita, moja na nusu. Hii ndiyo saizi yake."

Nikainama kusoma kama daktari. 26, sawa. Halafu 1, na pembeni 1 ndogo juu ya 2. Nikainua macho ukutani, nikaona nyingine: 26, 1, halafu 3 juu ya 8. Ngai! Tatu na nane! Kumbe huyu anataka kutuuzia ndogo!

"Tupe zile," nikasema.

"Zile ni ndogo, mzee."

"Tatu na nane ni ndogo kuliko moja na mbili? Wewe Kijiti, unatuona tumetoka Gatuanyaga na mbuzi?"

Watu wakacheka. Kijiti akanipima kwa macho. "Wewe mwalimu?"

"Karani!" Gitau akanijibia, kifua mbele.

"Basi karani chukua."

Huyo ndiye wa pili kulaumiwa. Aliona mjinga mlangoni akampisha!

Nikachagua na tyubu. Nilizinusa. Naapa, nilinusa tyubu, nikazibonyeza kwa kidole gumba, nikapiga tairi kofi na kuitegea sikio kama mtu anayenunua mtungi. Gitau alinitazama kwa heshima ambayo mpaka leo inanichoma.

Barazani pa duka alikaa fundi Wanjohi na pampu yake. Akavalisha tairi kwa vidole vitupu. Vile vijiko vya chuma vya kulazimishia tairi iingie kwenye rimu hakuvigusa hata kidogo. Akakuna shingo.

"Karani, hii imeingia kama kofia. Unene wake ni mdogo, lakini mduara ni mpana kuliko rimu. Tairi lazima ikukatae kidogo. Zirudisheni."

"Jaza upepo," nikamwambia. "Umezoea kupigana na tairi kwa sababu mikono yako ni mibovu."

Akajaza, akinung'unika.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa Gitau kuokota tairi kuukuu moja nikajikatie viatu vya akala. Nikaifuta matope. 26. 1. Halafu 1 juu ya 2.

Sikujua ipi kubwa, lakini hata mimi naona namba mbili zisipofanana. Nilifanya nini? Nilichukua kisu nikaanza kukata pale pale penye namba! Nikaifanya kisigino. Nikaenda kanisani na kosa langu chini ya mguu, nikaimba kuliko wote.

Tulipotoka, Gitau akanipigia kengele. "Karani, keti nyuma kwenye keria, uwe mzigo wangu wa mazoezi."

Kukataa ni kusema kwa nini. Nikapanda, na koti langu la Jumapili.

Kwenye mteremko wa daraja la Ndarugu nikasikia tairi ya nyuma ikicheza chini yangu.

"Polepole, mlamu!"

"Unaogopa nini na ni wewe uliyechagua?"

Tairi ikaruka nje ya rimu, tyubu ikavimba, pa! Siku zile za Emajensi, serikali ikiwinda watu wa msituni, mlio kama huo haukuwa mchezo. Wamama waliotoka kanisani wakalala mtaroni na Biblia zao. Askari wa daraja akatuelekezea bunduki. Mimi natema meno, yeye ananiuliza kipande changu cha kitambulisho kiko wapi!

Meno manne yalikwenda. Gitau alivunjika goti. Jumatatu kazi ikachukuliwa na mtu mwingine, na Gitau akarudi kwenye jembe, akiburura mguu.

"Ni Wanjohi," alisema kitandani hospitalini. "Alifunga vibaya. Au siyo, Karani?"

Na mdomo umevimba hivyo, hauwezi hata kunywa uji, ukaweza kusema "Ndiyo."

Vijana wa kambi walikwenda wakavunja pampu ya Wanjohi, wakamfukuza pale barazani. Nasikia sasa anafanya vibarua vya kulima huko Kimbo. Yeye, aliyeniambia ukweli!

Mke wangu Wambui hajawahi kukanyaga darasa. Nilipomwungamia, alichukua kiazi kitamu akakata katikati, akaweka kipande kimoja. Akachukua kingine sawa na hicho, akakata vipande vinane, akaweka vitatu.

"Haya, Karani, chagua kubwa."

Nikanyoosha mkono kwenye kile kimoja.

"Ulidhani nawagawia watoto wako kwa kubahatisha?"

Juzi Gitau amepata baiskeli nyingine. Amenitumia salamu: tutakwenda Thika kuchagua tairi, na safari hii tumwangalie vizuri fundi. Bado ananiamini, ui! Afadhali hilo goti ningevunjika mimi.

Ninyi mnaoitwa Karani na hamjui, semeni hamjui, siku ile ile, dukani, watu wacheke yaishe. Someni namba ya tairi ya zamani kabla ya kununua mpya. Na tairi ikiingia kwa vidole, rudisheni.

Nimeandika gazetini kwa sababu moja. Gitau hajui kusoma, na kila gazeti likifika kambini ni mimi ninayemsomea, neno kwa neno, watu wakisikiliza. Hapa sina pa kuruka.

Gitau, kama sauti yangu imeshuka tulipofika kwenye mlio wa tairi, niambie nirudie.