Isale Ambayo Mama Hakuipeleka

Hapa Njoro, Jumamosi tunazibua mitaro ya mtaa wetu. Kina baba, kina mama na watoto hutoka na makoleo, kisha tunakunywa chai pamoja. Ni siku njema, sikatai. Ila tope jeusi likishatolewa na kupigwa na jua, likaanza kunuka majani yaliyooza, mimi hupandwa na hasira. Majirani wamenizoea. Husema, "Dada Aneth akishika koleo, kaa mbali."

Harufu hiyo ni ya mfongo wa kwetu mlimani, ule mfereji wa asili unaoleta maji kutoka korongoni hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Kila kiangazi kilipokaribia, pembe ililia asubuhi na kila nyumba ilitoa mwanaume mmoja kwenda kuuzibua. Wanawake walipika. Nyumba isiyotoa mtu ilifungiwa maji.

Kwetu hakukuwa na mwanaume. Baba alifariki kabla sijaanza shule, tukabaki mimi na Mama, migomba yetu, na bustani ya mboga iliyoninunulia sare. Mwaka ule pembe ilipolia, Mama alijitwika sufuria ya kiburu na kuweka jembe begani. Kiburu chake, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, kilikuwa na sifa, na wanaume walikitazama kabla hawajamtazama yeye. Mzee Serafini, msimamizi wa mfongo, alikuja kumpokea akitabasamu. Alipoliona jembe, tabasamu likaisha.

"Mama Aneth, hilo la nini?"

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kufanya zamu ya nyumba yangu."

"Mwanamke hagusi mfongo. Unataka maji yakauke?"

Mama alilaza jembe kwenye majani, akapakua. Walikula wote, wakalamba vidole. Jioni hiyo hiyo Mzee Serafini aliuziba kwa mawe na udongo mchirizi wa kuja kwetu, kwa sababu nyumba yetu haikutoa mtu!

Hebu niambie wewe unayenisoma. Ukimzuia mtu mlangoni, halafu ukamwadhibu kwa kutoingia, hiyo nayo tuite mila? Mimi nilikuwa mtoto na niliona kuwa ni uonevu. Wao wenye mvi zao walikuwa wameshiba kiburu.

Mchicha ndio ulionyauka kwanza, kisha sukuma wiki. Tukawa tunachota maji bombani kule bondeni, na kupanda na ndoo kwenye ule mteremko kulinitia maumivu ya shingo hata kanisani sikuweza kuinamisha kichwa vizuri. Shangazi akaja na ushauri: Mama apeleke jani la isale kwa Mzee, na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, yaishe. Isale ndiyo tuliyoipanda kwenye mipaka ya vihamba, na mtu aliyekosa akija na jani lake kuomba msamaha, hakataliwi.

"Isale hupelekwa na aliyekosa," Mama alimjibu. "Mimi nimekosa nini?"

Nilimkasirikia Mama kuliko nilivyomkasirikia Mzee, maana ndoo ilikuwa kichwani mwangu. Asubuhi moja nikachuma jani mwenyewe, nikavaa gauni la kanisani ili Mzee anione mtoto wa maana. Mama akanikuta njiani. Hakunipiga. Alilichukua jani, akalirudisha na kulilaza chini ya shina lake.

"Tukiomba msamaha leo, kesho hata wewe utaamini tulikosa."

Kisha akanipa ndoo. Bustani ilikauka yote, na mchirizi ulikuwa bado umezibwa siku niliyoolewa.

Juzi mtoto wa kiume wa Mzee Serafini alinipigia simu. Baba yake alishafariki, na Mama pia. Sasa wana siku ya familia ya kusafisha mfongo, kina mama wanakaribishwa, fulana na nyama choma vipo. Kumbe siku hizi wanawake wanashika jembe na maji yanatiririka vilevile!

"Dada Aneth, njoo na watoto," alisema. "Na kama hutajali, tupikie kile kiburu cha marehemu mama."



Utotoni nilidhani Mama alikuwa mkaidi tu. Leo nina binti wa umri ule, na ninapomtazama ndipo ninapomwelewa. Jani moja lingetuletea maji. Mama alikubali bustani ife kuliko mimi nikue nikiomba radhi kwa kuonewa.

Nikamwambia yule kijana nitakuja, na jembe nitakuja nalo. Kiburu nitapika pia. Lakini kabla hajashika sahani, apite kwanza kihambani kwetu, kwenye kaburi la Mama. Na jani la isale asichume la kwetu. Alitoe kwao.