Karai la Matope ya Nzoia

Nakumbuka siku moja ya Agosti, jua likiwaka hata mbwa wanatafuta kivuli, nami kijana niliyebakiza usiku mmoja tu nitahiriwe. Mwanangu, hujui furaha kama hujawahi kugonga kengele zile za chuma mikononi mbele ya ukoo mzima! Nilikuwa nimewaalika jamaa zote, mpaka kwa mjomba kule Malakisi, na sasa walikuwa wamejaa bomani kwetu kando ya Nzoia. Busaa, pombe yetu ya nafaka, ilikuwa tele mitungini, akina mama wanaimba, na miguu yangu haikai chini.

Ngoja nikueleze jambo moja kwanza. Kwetu sisi Wabukusu, alfajiri ya siku ya kisu kijana hupelekwa mtoni akapakwa matope baridi mwili mzima, kisha akarudi nyumbani kusimama wima bila kupepesa jicho. Ukoo wetu ulikuwa na mahali pake, kwenye kona ya mto chini ya boma. Baba alipakwa pale, na babu pia. Kupakwa mahali pengine hakuna aliyewahi kuwaza.

Basi katikati ya ngoma akafika naibu wa chifu kwa baiskeli, jasho linamtiririka, kipaza sauti begani. Akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Watu wangu, Kitale wamepiga simu! Huko Kachibora na milima yote ya Cherangany imenyesha tangu juzi bila kuacha. Nzoia inakuja! Kesho asubuhi itakuwa hapa mliposimama. D.O., mkuu wetu wa tarafa, ametoa lori, jioni litawapeleka shuleni kule juu. Bebeni watoto, wazee na chakula."

Sote tukatazama juu. Hata wingu la kufunika kifaranga halikuwepo. Tukacheka!

"Mafuriko gani bana?" baba mdogo akasema, kata ya busaa mkononi. "Si uangalie jua hilo! Shuka unywe kwanza. Na huyu kijana tumpake matope wapi, kwa mfereji? Tukihama leo, ng'ambo yote itasema ati mtoto wetu amekimbia kisu."

Neno hilo lilinichoma. Kukimbia kisu! Afadhali kufa. Nikagonga kengele zangu kwa nguvu, nikapiga kelele kwamba sitoki, nitapakwa pale alipopakwa baba yangu, maji yaje yasije. Watu wakanishangilia. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ameacha kuimba, na naibu wa chifu ameshika baiskeli yake, hajui aende au abaki.

Hapo ndipo babu yangu, au Kuka kwa lugha yetu, alipoinuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo ngoma zikanyamaza zenyewe. Akanishika mikono, kengele zikatulia.

"Wewe," akaniambia, "unataka kupakwa matope, ama unataka matope yakufunike?"

Akaniachia, akaelekeza fimbo yake huko milimani.

"Mvua ya Nzoia hainyeshi hapa. Inanyesha kwa wenzetu huko juu, sisi tunaletewa maji tu. Sasa wa juu wametuma habari, na wewe unaenda kuuliza jua?" Akamgeukia baba mdogo. "Kama shida ni matope, matope si yanabebeka? Leta jembe na karai."

Mwanangu, we! Mzee yule aliteremka mtoni mchana kweupe, wanaume nyuma yake wakiimba. Akachimba pale pale kwenye kona yetu, akajaza karai, akamtwisha baba mdogo kichwani. Na baba mdogo alivyojivuna na karai lile, ungedhani wazo ni lake.

Lori likaja kweli. Tukapanda sote na kuku wetu na mitungi, bibi wa jirani amekaa kwenye kiti chake, na karai katikati yetu kama mgeni rasmi. Tuliimba njia nzima hata dereva akawa anapiga honi kwa mdundo! Shuleni tukakuta madarasa yamefunguliwa, blanketi na unga vimefika, na uji wa watoto uko motoni. Kuka akachomeka fimbo yake katikati ya uwanja, akasema, "Kesho, hapa ndipo nyumbani."

Alfajiri nikapakwa. Matope yalikuwa baridi vilevile. Nikasimama kando ya ile fimbo, watu wa vijiji vyote vya bondeni wakinitazama badala ya ukoo mmoja, na sikupepesa jicho. Vigelegele vilikuwa havijaisha jua lilipochomoza, nasi tukatazama chini. Boma letu lilikuwa maji mekundu matupu, limebaki paa la jiko tu. Na kwetu hata tone la mvua halikuwa limeanguka! Tukahesabiana, mkubwa kwa mdogo, hakuna aliyekosekana. Baba mdogo akamwendea naibu wa chifu, akavua kofia yake na kumvisha.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, lakini hawakusema hatari itakuonyesha wingu kwanza. Leo asubuhi simu yako imelia, ujumbe wa mafuriko umetoka kwa kaunti, nawe umenicheka: "Kuka, si kuna jua?" Nisikilize basi. Ukikaa chini ya mto, hali ya hewa yako iko kwa jirani wa juu. Akikutumia neno, liamini. Chifu akisema hama, hama, hata kama kuna harusi au matanga. Mila ya kweli itaingia kwenye karai mwende nayo, lakini mtoto aliyechukuliwa na maji hatuna pa kumchimba.

Mungu akupe masikio mepesi, mwanangu, na miguu inayotii masikio. Akulinde wewe na watakaozaliwa kwako, na siku zote mkiukimbia mto, mpande mlima mkiimba. Sasa nipe mkono niinuke. Mbuzi nimeshawafungua, na hilo ninalolisikia ni lori.