Kofia ya Gari la Baba

Daktari wa ngozi aliyekuja Lodwar kwa kliniki ya muda mfupi alinikalisha karibu na dirisha, akaligeuza shavu langu huku na huku, kisha akaniambia kwamba lile doa nililokatwa halikuwa limeingia ndani.

"Tumeliwahi," alisema.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku ya kukatwa nilikuwa napika bila kula, na ofisini nilikuwa nawajibu watu bila kusikia walichouliza. Nina ualbino, na jua la Turkana halina simile na ngozi kama yangu. Nilikuwa nimeshaanza kumuaga mama moyoni.

Daktari aliniuliza ninasafiri vipi kwenda kazini. Nikamweleza kwamba asubuhi na jioni naendesha gari, lakini nikitakiwa kutoka mchana napanda bodaboda na mwavuli.

"Una gari, halafu mchana unapanda bodaboda?"

"Gari halina paa, daktari."

Aliniangalia kuona kama namfanyia mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Gari lenyewe ni la zamani, dogo, la viti viwili, la aina inayofunuliwa juu. Baba alikuwa fundi wa magari katika hospitali ndogo ya misheni kule Kakuma, na daktari mmoja mgeni alipostaafu kurudi kwao alimwachia. Lilikuja na mapaa mawili: moja la turubai la kukunja, na jingine la chuma, gumu, ambalo watu wawili wangeweza kulinyanyua na kulifunga kwa vifungio vinne. Lile la chuma baba aliliita kofia. Turubai liliisha kwa jua na mchwa nikiwa bado shule. Kofia sikuikumbuka vizuri. Baba alipofariki, kaka zangu walisema gari lisilo na paa katika nchi hii ni la wendawazimu, wakaniachia. Macho yangu si mabaya kama ya wengi wenye ualbino, na kwa miwani nilipita mtihani wa udereva. Basi nikawa mtu wa kuendesha kukipambazuka na jua likizama.

"Tafuta paa," daktari alisema, "au uuze hilo gari ununue lenye paa." Lakini hakuna mtu Lodwar nzima aliyelitaka.

Jioni ile nyumbani, Kanamkemer, nilimweleza mama habari zote, nikianza na ile nzuri. Alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini. Alipotulia nilimuuliza kofia ilikwenda wapi.

"Si iko Kakuma," alisema, kana kwamba namuuliza chumvi iko wapi. "Tulipohama, baba yako alisema inachoma kichwa. Akamwachia yule mama wa Sudan Kusini amtunzie. Yule wa mashuka."

Nilimjua. Alikuwa jirani yetu wa zamani, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi, anayetarizi maua kwenye mashuka meupe ya kwao wanayoyaita milaya. Juma lililofuata nilichukua likizo, nikapanda basi la alfajiri, nikafika Kakuma kabla jua halijakaza. Nilimkuta ameketi chini ya mwarobaini wa uani kwake, sindano mkononi. Alinikumbatia muda mrefu, akaniuliza habari za mama, za kaka zangu, za kazi. Chai ikaja. Ndipo nikamuuliza.

"Kofia ya gari? Iko," alisema, akanyoosha mkono nyuma yake.

Ilikuwa imelala chini kwenye kivuli, imefunikwa matawi makavu ya mkoma, na kwenye tundu la dirisha la nyuma bata mmoja alikuwa ametoa shingo akinitazama.

"Mama, umeifanya nyumba ya bata!"

"Baba yako aliniambia nitunze. Nimetunza. Hao bata ndio walinzi." Hakutabasamu. "Wewe unaitaka ya nini leo? Miaka yote hii."

Nikavua kofia yangu ya majani na kumwonyesha kovu la shavuni. Aliliangalia, akaligusa kwa kidole kilichokuwa kigumu kwa sindano, akaacha kazi yake chini.

"Limeisha?"

"Daktari anasema limeisha. Lakini jua nisilichezee tena."

"Basi chukua. Lakini bata wangu wapate nyumba kwanza. Siwezi kuwaweka nje, paka wa hapa ni chui."

Tulimjengea banda la mabati na nguzo, mimi na binamu yangu anayefanya kazi ya ujenzi Kakuma, na lilipokamilika bata walikataa kuingia. Ilibidi tuwabebe mmoja mmoja. Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha tukaipindua kofia, na kicheko chetu kikaisha. Ukingo wa chini ulikuwa umeliwa na kutu hadi ungeweza kupitisha kidole. Kioo cha nyuma hakikuwepo. Mpira wa kuzuia vumbi uligeuka unga mkononi, na ndani hakukuwa na kitu ila uchafu wa bata.

Binamu yangu alinipeleka kwa fundi wa bodi, mkimbizi kutoka Kongo, mwenye gereji ndogo karibu na barabara kuu. Aliizunguka kofia, akaigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole.

"Mama, hii njo kazi ya kweli," alisema. "Lakini chuma ya zamani iko muzuri. Hapa kwa juu iko nzima."

"Itapona?"

"Itapona. Mimi nitajaribu, na wewe utaomba Mungu."

Mara ya kwanza hakufaulu. Aliziba matundu kwa puti nyingi, lile rojo la kulainishia bodi, akasugua kwa msasa hadi ikang'aa, akanipigia simu nije nione. Nilipofika, joto lilikuwa limeshaipasua puti yote kama udongo wa laga, mto uliokauka. Alikaa chini akaitazama. Nilijihisi vibaya, kwa sababu mimi ndiye niliyemharakisha. Likizo yangu ilikuwa inaisha. Nikamwambia tuanze upya, taratibu, nami nitarudi mwisho wa mwezi. Alibandua yote, akakata sehemu iliyooza, akachomelea vipande vya bati nene alivyovikata kwenye boneti ya lori bovu. Safari hii puti ilikuwa nyembamba tu, ya kulainisha.

Kioo ndicho kilichotunyima raha. Dirisha la nyuma lilikuwa limepinda, na kioo cha gari hakikunjwi na mtu wa kawaida. Nilikuwa ofisini Lodwar siku moja nikitafuta karatasi za mashine stoo, nikaona zile plastiki ngumu, safi kama kioo, tulizokuwa tumezisimamisha kwenye kaunta wakati wa Korona. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zina vumbi. Nilimuuliza mkuu wangu kama naweza kuchukua mbili. Aliniuliza kwa Kiingereza za nini. Nilipomwambia za kuziba dirisha la gari, alisema nichukue hata zote, anataka nafasi. Zilizokuwa bila nyufa zilikuwa mbili tu.

Fundi alisema plastiki hiyo ikipata moto wa kadiri inalegea. Moto wa kadiri ulikuwa kwa mwoka mikate, mkimbizi kutoka Burundi, mwenye tanuri kubwa la udongo. Alitukubalia tulitumie akishatoa mikate ya asubuhi. Tulifinyanga lundo la mchanga likafuata mkunjo wa tundu la dirisha, tukalifunika kwa blanketi, kisha tukaitia plastiki ya kwanza kwenye trei.

Tulisubiri. Fundi alisema bado. Mwoka mikate alisema tayari. Fundi akasema bado kidogo. Ilipotoka ilikuwa imejaa mapovu, nyeupe kama maziwa yanayochemka.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ilibaki moja. Nilihesabu moyoni nyingine ningeipata wapi, nikakosa.

"Sasa anaamua nani?" mwoka mikate aliuliza.

"Wewe," fundi alisema. "Hii ni nyumba yako."

Plastiki ya pili ikaingia. Mwoka mikate aliinama mlangoni mwa tanuri, jasho likimtiririka, akaigusa ncha kwa koleo. Ikatikisika. "Toa!" Waliibeba wawili kwa glavu, imelegea kama chapati inayogeuzwa, wakailaza juu ya mchanga. Sote tukaikandamiza kwa matambara hadi ikapoa. Nilipoinyanyua niliona kiganja changu upande wa pili, wazi kabisa, na mkunjo ulikuwa uleule. Mwoka mikate akampa kila mtu mkate, wa moto, tukaula tumesimama.

Mpira tuliutoa kwenye milango ya basi dogo lililopinduka miaka ya nyuma. Rangi ilikuwa krimu, karibu na ile ya gari lakini siyo yenyewe. Kwa ndani nilitaka tu kitambaa chochote juu ya sponji ya godoro, ili chuma kisinioke kichwa. Yule mama wa bata alipopata habari alinikasirikia.

"Kitambaa chochote? Na mimi niko hapa?"

Alitarizi milaya nzima: maua mekundu na majani ya kijani, na katikati ndege mwenye shingo ndefu. Nilimuuliza kama ni bata. Akasema ni tausi, nivae miwani vizuri.

Siku ya kufunga kofia niliendesha gari kutoka Lodwar alfajiri, wazi, shuka kichwani, nikafika jua likiwa bado chini. Wanaume wanne waliinyanyua kofia wakaiteremsha polepole. Vifungio vya mbele vikaingia. Cha nyuma kulia kikaingia. Cha nyuma kushoto kikabaki juu, upana wa kidole kizima. Tukainua, tukajaribu tena. Vilevile.

Fundi alivuta pumzi. "Gari imepinda, mama. Ao kofia. Nitakata hapa kidogo."

"Usikate! Ngoja kwanza."

Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba sikuweza kuvumilia kuona msumeno ukiigusa. Niliingia ndani ya gari, nikapiga magoti juu ya kiti. Kule nyuma kulikuwa na giza na macho yangu hayanisaidii gizani, nikapapasa. Nyuma ya kiti, kwenye kona, mkono wangu ulikutana na kitu chembamba cha chuma kilichosimama. Ulikuwa ubavu mmoja wa lile paa la turubai, uliobaki turubai lilipoisha. Mwaka mzima niliubeba mgongoni pangu bila kujua.

"Fundi, kuna chuma hapa kinaisukuma!"

Aliingiza kichwa na tochi ya simu, akacheka kwa sauti. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu, ikabidi azimwagie mafuta, asubiri, atukane kidogo kwa Kifaransa. Ubavu ulipotoka waliiteremsha kofia tena. Kifungio kililia *tak*. Fundi alikizungusha nusu, akaning'inia kwenye ukingo kwa uzito wake wote. Haikutikisika.

Nilikaa ndani, nikafunga milango yote miwili. Vumbi la Kakuma lilikuwa linapita nje, nami nililiona likipita kupitia dirisha lililookwa kwenye tanuri la mikate. Nikalia. Fundi alidhani nimeona kasoro, akagonga kioo. "Nini tena, mama?" Nikamwambia hakuna, hakuna kabisa.

Nilikuwa nimepanga kungoja jioni ndipo nirudi, kwa mazoea. Yule mama wa Sudan Kusini, aliyekuja kuona kazi yake ikiwa mahali pake, ndiye aliyeniuliza nangoja nini. Nikaondoka saa sita mchana.

Mbele kidogo ya Kakuma, kuelekea Lodwar, ngamia walikuwa wanavuka, wengi, bila haraka, na mchungaji nyuma yao akiwa na kijiti mabegani. Nilizima injini. Zamani, kusimama mahali wazi saa hiyo kungenifanya nishuke mbio kutafuta mgunga, au nijifunike kanga mpaka nikose pumzi. Nilishusha vioo kidogo, nikaegemea kiti. Kulikuwa na joto, ndiyo, joto la Turkana halifukuzwi na maua ya uzi. Lakini mikono yangu ilikuwa kivulini, na uso pia. Mchungaji alipofika karibu aliinama kuchungulia.

"Ejok," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi."

Alitazama juu ndani ya gari, akauliza yule ni ndege gani. Nikamwambia tausi. Akasema hapana, huyo ni mbuni, ila aliyeshona hajawahi kumwona. Tukacheka, akaenda zake.

Nilipofika Kanamkemer mama alikuwa mlangoni. Alizunguka gari mara mbili, akagonga paa kwa kiganja, kisha akafungua mlango wa abiria akaketi. Nilisubiri aseme kitu kuhusu baba. Aliomba aletewe chai humohumo. Nikaleta vikombe viwili, nikaketi upande wa dereva, tukanywa pale uani, jua likiwa bado kali juu yetu, na alipomaliza alisema hashuki mpaka nimpeleke sokoni.