Uinjilisti Niliofundishwa na Wasioamini

Siku yangu ya kwanza kazini nilimhubiria mtu ambaye hakuacha kupiga randa. Alikuwa fundi seremala pale Ruring'u, na mimi nilikuwa mwinjilisti mpya wa parokia, yaani mhudumu anayetumwa kuwafuata watu majumbani na kazini kwao badala ya kuwasubiri Jumapili. Hoja zangu nilikuwa nimezikariri chuoni. Nilizimwaga zote, karibu nusu saa, unga wa mbao ukinijaa nywele. Nilipofunga Biblia, fundi alipuliza ubao wake, akanitazama.

"Umemaliza, mama? Na wewe unaitwa nani?"

Nilirudi ofisini nimejaa furaha, nikamwambia Mchungaji Msimamizi kwamba nimepanda mbegu.

"Huyo fundi anaitwa nani?"

"Sikumuuliza, Mchungaji."

"Ako na bibi? Watoto?"

"Sijui."

Alivua miwani. "Basi umetembelea randa, hukutembelea mtu. Rudi leo leo, na hiyo Biblia uiache hapa mezani."

Nilirudi na aibu yangu. Fundi alicheka, akanivutia kigoda. Nilipoondoka nilijua kwamba anaitwa Ndirangu na kwamba mkewe amelazwa, na kesho yake nilikwenda kumwona mgonjwa.

Mchungaji yule ndiye aliyenifundisha kutunza daftari la ziara. Wainjilisti wengi waliandika humo nani ameokoka. Yeye alitaka tuandike kila mtu ana wasiwasi gani. Nilifanya hivyo miaka yote niliyohudumu Ruring'u na baadaye mtaa wa Skuta, mpaka nilipohamishiwa Kiriaini.

Huko mkubwa wangu alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uinjilisti, mtu mwema na mchapakazi, ila mwenye haraka. Jirani na kanisa aliishi Mzee Karanja, karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai, pamoja na mkewe aliyepooza upande mmoja. Mzee alikuwa ametangaza waziwazi kwamba yeye na Mungu wameachana. Mwenyekiti akapanga mkutano wa hadhara mbele ya lango lake.

"Tutaweka vipaza sauti hapo na tumtaje kwa jina," alisema. "Atavunjika tu."

"Mwenyekiti, kuna mgonjwa ndani. Mimi siwezi kuhubiri hapo."

"Ukikataa, nitaandikia parokia wakurudishe."

Watoto wangu wawili walikuwa wamezoea shule ya pale. "Andika," nikamwambia. Akaandika, na mkutano ukaahirishwa tukingoja jibu.

Wakati huo nilikuwa nikienda kwa Mzee kila Jumatano. Nilimsaidia kumgeuza mkewe kitandani asipate vidonda vya mgongo, nikapika uji, tukazungumza habari za chai na mvua. Yeye alinitilia shaka.

"Kwani utaanza lini kuhubiri?"

"Ukiniuliza, Mzee."

Hakuniuliza kwa wiki nyingi. Halafu siku moja, akiwa ameshika bakuli la uji, alianza kusema mwenyewe. "Tulipomzika binti yetu, mhubiri alisimama kaburini akasema Mungu amemchukua kwa sababu nyumba hii haina imani. Mama yake akisikia. Wewe unasemaje?"

"Nasema alikosea. Na mimi naomba msamaha, kwa sababu alisema hayo kwa niaba ya kanisa langu."

Aliweka bakuli chini. "Sasa nakuuliza. Huyo Yesu wako ni wa namna gani?"

Zile hoja za chuoni sikuzigusa. Nilimwambia kwamba alifika kaburini kwa rafiki yake akalia mbele ya watu, hakumlaumu yeyote aliyefiwa, na kwamba mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu, huyo ndiye aliyekaa nami. Mama, kutoka kitandani, alinyoosha mkono wake mzima akashika wangu.

Mzee hakuokoka siku hiyo. Alisema tu, "Nimekusikia. Jumatano uje." Parokia nayo ilijibu kwamba nibaki, na mkutano wa langoni ukafutwa. Mwenyekiti alinuna kidogo, kisha tukaanza kwenda pamoja, yeye akichanja kuni za mgonjwa. Miaka miwili baadaye Mzee Karanja alibatizwa, na aliyesimama kando yake ni Mwenyekiti.

Sasa nimestaafu, naishi Skuta. Wainjilisti vijana hunijia wakitaka mbinu. Nawaambia waseme habari za Yesu bila kuona haya, lakini kwanza wapendwe na mbwa wa boma wanalotembelea. Wanacheka, wanadhani ni mzaha. Mbwa hakupendi kabla hujaenda mara nyingi.

Si wote walioamini, na sidai hivyo. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, amekunywa chai kwangu kila Alhamisi kwa miaka sita na bado anasema hakuna Mungu. Tunabishana vizuri. Wiki iliyopita alikoroga chai yake kwa muda, akauliza bila kuniangalia, "Ukiomba, huwa unaniombea na mimi?"

"Kila siku, Mwalimu."

Akaendelea kukoroga. "Basi usiache," akasema.